Raia Wamenuna: Kutafuta Chanzo Furaha Inapoporomoka kwenye Civilization V

Mwongozo huu unahusu Civilization V, gemu ya kompyuta ya kujenga dola zamu kwa zamu, yenye nyongeza zote mbili, Gods & Kings ya 2012 na Brave New World ya 2013. Gemu yenyewe ni ya 2010. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inaibeba, ndiyo maana huku Kisumu na Nakuru bado inachezwa na watu wasio na mashine ya kuendesha matoleo mapya. Kama huna nyongeza hizo, baadhi ya namba hapa hazitalingana na zako. Na kama umetoka Civilization VI, weka kando ulichozoea: huko kila mji una hesabu yake ya starehe, lakini hapa dola nzima inakula chungu kimoja. Kakamega ikinenepa, Kisumu inanuna.

Makosa mengi yanazaliwa hapo. Mchezaji anaona uso mwekundu wa furaha juu ya skrini, anakimbilia kujenga Colosseum katika mji wa kwanza anaoubofya, kumbe tatizo lilianza zamu kumi nyuma, kwingine kabisa. Usijenge kitu kabla ya kusoma hesabu.

Mifano yetu inatumia miji tuliyoipa majina ya nyumbani (ukiingia ndani ya mji na kubofya jina lake, gemu inakuruhusu kulibadilisha). Mji mkuu ni Kisumu.

Kwanza soma hesabu

Peleka kishale juu ya kile kiuso kilicho kwenye mstari wa juu wa skrini, utaona muhtasari. Kwa maelezo kamili bonyeza F2, kisha ufungue ukurasa wa furaha. Upande mmoja una vyanzo vya furaha, upande wa pili una manung'uniko. Kinachoonyeshwa juu ya skrini ni tofauti ya pande hizo mbili.

Kwenye ramani ya ukubwa wa kawaida hesabu inakwenda hivi. Kila mji ulio nao unazaa manung'uniko 3, hata ukiwa na mtu mmoja. Kila raia anaongeza 1. Upande wa furaha, kiwango cha ugumu cha Prince na vyote vilivyo juu yake vinakupa 9 za kuanzia. Kila aina ya bidhaa ya anasa inaleta 4, na nakala ya pili ya bidhaa ileile haileti kitu. Kila ajabu la asili unalogundua, kama mlima au maporomoko yenye jina, linaongeza 1 ya kudumu, kwa hiyo mpelelezi wa mwanzo ana kazi zaidi ya kutafuta vibanda vya kale vyenye zawadi. Kwenye ramani za Large na Huge manung'uniko ya kila mji ni pungufu ya 3, na ndiyo maana huko kupanuka hakuadhibiwi sana.

Chukua dola hii: Kisumu ina watu 10, Nakuru 6, Kakamega 5, Kitale 4. Raia ni 25, miji 4 inazaa 12, jumla ya manung'uniko ni 37. Furaha: 9 za kuanzia, anasa nne ambazo ni 16, na Colosseum nne ambazo ni 8. Jumla 33. Uko kwenye −4, na hujapigana na mtu wala kukosea chochote kikubwa. Umekua tu.

Sasa ongeza sera ya Monarchy iliyo kwenye tawi la Tradition. Inafuta nung'uniko 1 kwa kila raia wawili wa mji mkuu. Kisumu yenye watu 10 inafuta 5, nawe unarudi kwenye +1 bila kutoa nyundo (pointi ya ujenzi) hata moja. Ukienda na Tradition, usiiache Monarchy iwe ya mwisho.

Adhabu inauma kiasi gani

Kati ya −1 na −9, ziada ya chakula inakatwa kwa asilimia 75: mji uliokuwa na ziada ya 8 unabaki na 2. Askari nao wanapigana kwa unyonge, asilimia 2 kwa kila pointi iliyo chini ya sifuri. Ukifungua tawi la Rationalism, ile asilimia 10 ya sayansi inapatikana tu dola ikiwa na furaha, kwa hiyo −1 inakunyima yote. Ukifika −10 miji inaacha kukua kabisa, huwezi kutengeneza walowezi, na waasi wanaanza kuzuka mashambani. Kuanzia −20, mji unaweza kukuhama na kujiunga na dola nyingine.

Kwa hiyo −2 ya zamu tano wakati unasubiri Nakuru imalize Colosseum haifai kukukosesha usingizi. Tofauti kati ya −2 na −10 ni kubwa kuliko tofauti kati ya +2 na −2, na wachezaji wengi wanaishughulikia kinyume: wanahangaika sana penye mkwaruzo, halafu wakishaizoea rangi nyekundu wanateleza hadi −10 bila kutazama.

Dalili: inashuka moja moja, kila baada ya zamu chache

Ni watu wanazaliwa. Hakuna kilichoharibika. Angalia ni mji gani unakua haraka kuliko faida yake. Mara nyingi ni mji wa pembeni wenye mto na mashamba kila upande, au mji unaolishwa na msafara wa chakula uliousahau. Msafara wa ndani unaopeleka chakula Kitale unaleta raia wapya mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaingia kwenye hesabu ya dola nzima.

Fungua mji huo, upande wa kusimamia raia, uweke alama kwenye Avoid Growth. Hapo mji hautazidi ukubwa ulionao. Kisha hamisha wanaolima wakafanye kazi migodini au kwenye majengo ya wataalamu, chakula kisipotee bure. Msafara nao ukimaliza mzunguko wake uelekeze kwenye dhahabu. Kumbuka tu kuondoa alama ile furaha ikirudi. Gemu haitakukumbusha, na mji unaweza kubaki na watu 6 hadi enzi ya viwanda.

Usizuie Kisumu. Mji mkuu ndio wenye faida kubwa kwa kila raia, na ukiwa na Monarchy raia wake wanakugharimu nusu. Zuia vijiji.

Dalili: imeshuka 4 kwa mpigo mmoja

Umepoteza bidhaa ya anasa. Ikishuka 8 au 12, umepoteza mbili au tatu. Fungua F2 tena, ukurasa wa rasilimali, uone ipi imetoweka. Kisha tafuta chanzo kwa mpangilio huu, kuanzia kinachotokea mara nyingi zaidi.

Mkataba umeisha. Kwa mwendo wa kawaida wa gemu, biashara na dola nyingine inadumu zamu 30. Zamu ya 31 bidhaa inaondoka. Mikataba yako inaonekana kwenye F4. Ukiona uliyeuziana naye bado ni rafiki, rudia mkataba zamu hiyohiyo. Mikataba mitatu ikifungwa zamu moja itaisha zamu moja, kwa hiyo ipishanishe.

Vita vimetangazwa. Vita vinafuta mikataba yote na adui, hata kama ni yeye aliyeanza. Kabla ya kumshambulia jirani, hesabu ni anasa ngapi zinatoka kwake. Watu wanahesabu mishale na manati, wanasahau mvinyo na hariri, halafu zamu ya kwanza ya vita jeshi lote linapigana kwa −8.

Mji-dola (mji mmoja unaojitegemea) umekuponyoka. Ushirika kamili unaanza kwenye ushawishi wa 60, na ushawishi unayeyuka kila zamu. Vilevile dola nyingine inaweza kumwaga dhahabu ikakupiku. Ukibaki rafiki tu, yaani kuanzia 30, anasa za mji-dola huzipati. Zawadi ya dhahabu 250 au 500 inaweza kukurudisha, lakini angalia kwanza mwenzako amekuzidi kwa kiasi gani. Kutupa 250 na kukosa kwa pointi tano ni hasara tupu.

Shamba limeporwa. Washenzi au askari wa adui wakisimama juu ya shamba la mvinyo na kuliharibu, bidhaa inakatika hadi kibarua alitengeneze. Weka askari mmoja karibu na anasa zilizo pembezoni.

Baraza la Dunia limepiga marufuku bidhaa hiyo. Hapo hata ukiwa na mashamba matano ya sukari hayaleti kitu. Azimio la kupiga marufuku likijadiliwa, tazama linahusu nini kabla ya kuuza kura zako.

Umeuza nakala ya mwisho. Hili linatokea kimyakimya. Una pamba moja tu, jirani anatoa dhahabu 7 kwa zamu, unakubali, na 4 zinaondoka. Kanuni ni rahisi: uza ya pili, ya kwanza ibaki nyumbani. Uholanzi pekee inaweza kuuza ya mwisho na kubaki na nusu ya furaha yake.

Dalili: umejenga Colosseum na namba haijasogea

Furaha ya majengo ya mji haiwezi kuzidi idadi ya raia wa mji huo. Homa Bay yenye watu 2, ikiwa na Colosseum ya 2 na jengo la sarakasi la 2, inakupa 2, si 4. Pointi mbili zilizobaki zimelala hadi mji ukue. Ndiyo sababu Colosseum ya kwanza inajengwa mjini Kisumu au Nakuru. Kijiji kilichozaliwa juzi kitasubiri.

Ukomo huo unagusa pia kiwanda cha mawe, bustani ya wanyama, uwanja wa michezo, majengo ya dini, na furaha ya majengo inayotokana na itikadi. Maajabu ya dunia na Circus Maximus hayaguswi, furaha yake ni ya dola nzima.

Kwa gharama, jengo la sarakasi ndilo bora: nyundo 75, halina ada ya matunzo, linaleta 2, ila linahitaji farasi au pembe za ndovu zilizoendelezwa karibu na mji. Penye nafasi, lijenge kabla ya Colosseum, ambayo ni nyundo 100 na dhahabu 1 kila zamu kwa furaha ileile. Bustani ya wanyama inafuata ukigundua Printing Press, nayo ni nyundo 200 na dhahabu 2 kwa 2 tu. Hapo ndipo majengo yanaanza kuwa dawa ghali. Linganisha na anasa mpya: dhahabu 7 kwa zamu inakupa 4 leo, bila nyundo na bila kusubiri.

Circus Maximus inaleta 5, lakini kila mji wako, isipokuwa vibaraka (miji uliyoiteka ikaachwa ijiendeshe), lazima uwe na Colosseum. Ukianzisha mji mpya kabla haijakamilika, ujenzi unakwama hadi mji huo mchanga upate Colosseum yake. Kama mlowezi yuko njiani, msimamishe zamu chache.

Dalili: kila mji mpya unakuzamisha

Mji mpya wenye mtu mmoja ni manung'uniko 4, yaani 3 za mji na 1 ya raia. Anasa mpya ni furaha 4. Kwa hiyo mji unaoleta anasa usiyokuwa nayo unajilipia siku ya kwanza, na usioleta chochote ni deni tangu alfajiri. Ile dola yetu yenye +1, ikianzisha Busia mahali pasipo na anasa mpya, inashuka hadi −3. Ikiianzisha penye kakao ambayo hatukuwa nayo, inabaki +1 mara kakao ikiunganishwa.

Neno lenye uzito ni hilo la mwisho, ikiunganishwa. Kuiona kakao ndani ya mipaka hakutoshi. Mashamba ya pamba, viungo, sukari, hariri, rangi, ubani, mvinyo, machungwa na kakao yanahitaji teknolojia ya Calendar. Dhahabu, fedha, vito, shaba na chumvi ni mgodi, kwa hiyo Mining. Manyoya, pembe za ndovu na uyoga wa thamani ni kambi, kwa hiyo Trapping. Marumaru ni Masonry. Lulu, nyangumi na kaa ni Sailing. Na kuna mtego: bidhaa ikiwa ndani ya msitu mnene wa kitropiki, kibarua lazima aufyeke kwanza, na kazi hiyo inataka Bronze Working. Mji wetu wa Kakamega umezungukwa na msitu kama jina lake linavyostahili, na una viungo viwili. Anayeenda Calendar bila Bronze Working ataketi akivitazama.

Njia ya mkato ipo. Ukiujenga mji juu ya bidhaa yenyewe, unaipata papo hapo bila kibarua, mradi teknolojia yake unayo. Mumias juu ya sukari, kwa mfano. Unapoteza faida kidogo ya kigae (kipande hicho cha ramani), lakini mwanzoni mwa gemu zile zamu unazookoa zina thamani zaidi.

Kama umeshachagua Liberty na unataka miji mingi, barabara si anasa tena. Sera ya Meritocracy inatoa furaha 1 kwa kila mji uliounganishwa na mji mkuu, na inapunguza manung'uniko ya raia kwa asilimia 5 katika miji isiyokaliwa kwa mabavu. Dini inasaidia pia wapanuzi: imani ya Sacred Waters inatoa 1 kwa kila mji ulio kando ya mto, na Pagoda, ikinunuliwa kwa pointi za imani, inatoa 2 mjini. Ukiweza kuwahi Pagoda kabla ya dola nyingine kuichukua, miji saba au minane inabebeka.

Dalili: umeteka mji na kila kitu kimeanguka

Hapa ndipo dola nyingi zinavunjika, kwa hiyo tuende taratibu.

Mji ukitekwa unapoteza takriban nusu ya watu. Tuseme ulikuwa na 12, unaupokea na 6. Gemu inakuuliza ufanye nini. Kuufanya kibaraka: 3 za mji na 6 za raia, jumla 9. Kuutwaa kabisa: mji uliokaliwa ni 5 badala ya 3, na kila raia ni 1.34 badala ya 1, jumla 13 na kidogo. Kuuteketeza: wakati unaungua, mji unahesabiwa kama uliotwaliwa, kwa hiyo unaanza na zile 13, kisha raia mmoja anapungua kila zamu hadi unatoweka. Anayeteketeza mji ili apate nafuu ya haraka anashangaa kuona namba inazidi kuzama zamu ya kwanza. Nafuu inakuja mwishoni. Miji mikuu ya asili na miji-dola haiteketezwi.

Kwa kawaida jibu ni kibaraka. Hakipandishi bei ya sera zako, na manung'uniko yake ni ya mji wa kawaida. Ubaya wake ni kwamba huchagui kinajenga nini, huwezi kukinunulia kitu, wala kukiwekea Avoid Growth. Kitakua kitakavyo. Kibaraka chenye mto kinaweza kufikia watu 14 huku wewe umeshughulika na vita kwingine.

Mji unaostahili kutwaliwa, twaa kwa wakati wake. Mwanzoni una ghasia, na ghasia zikiendelea hauzalishi wala kununua chochote. Uache kibaraka hadi ghasia ziishe. Weka akiba ya dhahabu ya kununua mahakama. Kisha, zamu moja, utwae na ununue mahakama papo hapo. Mahakama inafuta adhabu ya ukaliwaji, mji unarudi kwenye 3 na 1, na unakuwa wako kikamilifu. Kuijenga kwa nyundo ni 100, lakini mji uliochoka kwa vita unaweza kuchukua zamu ishirini na zaidi, na siku zote hizo unalipa ile 1.34. Ada yake ni dhahabu 4 kwa zamu, kubwa kuliko watu wanavyotarajia, kwa hiyo kutwaa miji mitano kwa pamoja kunaweza kukausha hazina.

Kabla ya kuamua, angalia mji una anasa gani. Kibaraka cha watu 6 chenye bidhaa ambayo huna kinakugharimu 5 tu kwa jumla, 9 toa 4. Kile kisicho na kitu, kidogo, kilichobanwa kati ya miji yako, ndicho cha kuteketeza. Kama adui alikuwa amempokonya mtu mwingine, mrudishie mwenyewe. Hesabu ya furaha haiguswi na unapata rafiki. Inawezekana pia kuuza mji kwa dola nyingine kwenye meza ya mazungumzo. Si heshima, lakini inafanya kazi.

Mwendo wa vita ufuate furaha. Ukiwa na +10 una nafasi ya mji mmoja mkubwa au miwili midogo. Teka, simama, nunua anasa, endelea.

Dalili: mambo yalikuwa shwari hadi ulipochagua itikadi

Ukijenga viwanda vitatu au ukiingia enzi ya kisasa unachagua Freedom, Order au Autocracy. Zamu chache baadaye mstari mpya unatokea kwenye manung'uniko: maoni ya umma. Unaweza kusoma −6 leo na −15 baadaye, na Colosseum haina lake hapo.

Chanzo ni utalii wa dola yenye itikadi tofauti na yako. Utamaduni wao ukiwa na nguvu juu ya watu wako, raia wanawatamani. Bofya alama ya utalii juu ya skrini, uone nani ana ushawishi juu yako na maoni ya umma yamefika wapi. Upinzani unaanza mdogo, unapanda, na hatua ya mwisho ni wimbi la mapinduzi.

Dawa ya msingi ni utamaduni wako mwenyewe, kwa sababu ushawishi wao unapimwa dhidi ya utamaduni uliokwisha kukusanya. Mwandishi mashuhuri akitumiwa kuandika risala anamwaga utamaduni mwingi mara moja, na hiyo ni njia ya haraka kuliko kujenga makumbusho. Wakati huohuo punguza wanachokuzidi: usiwape ruhusa ya kuvuka mipaka yako, na usitume misafara kwao, kwa sababu vyote viwili vinaongeza utalii wao kwako. Dini moja kati yenu pia inawasaidia.

Kisha chagua kanuni za itikadi zinazoendana na majengo uliyo nayo tayari. Order ina Socialist Realism, furaha 2 kwa kila mnara wa kumbukumbu, na minara hiyo huwa iko kila mji. Autocracy ina Militarism, 2 kwa kila kambi ya mafunzo na majengo yanayoifuata. Freedom ina Universal Suffrage, inayopunguza kwa nusu manung'uniko ya wataalamu.

Kubadilisha itikadi ni njia ya mwisho, maana unapitia machafuko na kupoteza baadhi ya kanuni. Ni bora kuangalia kabla ya kuchagua: kama jirani mwenye utalii mkubwa ameshachukua Freedom na utamaduni wako ni mdogo, ifuate Freedom hata kama roho yako iko Order.

Kengele za uongo

Mji ukidai mvinyo au lulu, haulalamiki. Ukiupatia bidhaa hiyo unafanya sherehe ya mfalme na ukuaji wake unapanda kwa asilimia 25. Usipoupatia, hakuna adhabu. Usilipe bei ya kuruka kwa sababu hiyo.

Hazina ikiwa tupu, furaha haishuki. Kinachoumia ni sayansi, halafu askari wanavunjwa. Kukaa vitani muda mrefu, peke yake, hakuwachoshi raia kwenye toleo hili. Askari walioko nje ya mipaka hawaongezi nung'uniko lolote.

Na ukicheza India, hesabu zote za juu zigeuze: miji inazaa manung'uniko maradufu, raia nusu. Miji michache, minene. Misri inapata 2 kutoka kwenye kaburi la kifahari linalochukua nafasi ya hekalu, kwa hiyo hekalu linajengwa mapema kuliko kwa wengine.

Ukishafika −10

1. Weka Avoid Growth kila mji isipokuwa mji mkuu, na usiteke mji mwingine.
2. Fungua meza ya mazungumzo na kila kiongozi asiyekuchukia. Badilisha nakala za ziada moja kwa moja. Palipo na bidhaa usiyokuwa nayo na huna ya kubadilisha, lipa kwa dhahabu ya kila zamu. Dhahabu ya mkupuo inakubalika tu baina ya waliotangaza urafiki.
3. Dhahabu ikipungua, uza farasi na chuma cha ziada, au ruhusa ya kuvuka mipaka.
4. Nunua Colosseum au jengo la sarakasi kwenye miji yenye watu wa kutosha. Kumbuka ukomo.
5. Tafuta mji-dola ulio karibu na 60 wenye anasa usiyokuwa nayo, uuongezee zawadi.
6. Kama sera inasubiri: Monarchy, Meritocracy, au Protectionism ya tawi la Commerce, inayoongeza 2 kwa kila anasa. Ukiwa na anasa saba hiyo peke yake ni 14.
7. Weka mpiga mishale katika kila mji wa mpakani. Waasi wakitokea, wapige kabla hawajafikia mashamba ya anasa, maana wakiyapora unashuka 4 nyingine.

Kwa muda mrefu zaidi, Notre Dame inaleta 10 na inapatikana ukigundua Physics. Maajabu machache sana yanaikaribia. Eiffel Tower inaleta 5, Chichen Itza na Taj Mahal 4 kila moja. Mwenye dola pana aiwahi Notre Dame hata kwa kumtumia mhandisi mashuhuri.

Weka hifadhi ya kiotomatiki iwe kila zamu moja kwenye mipangilio. Mvua ya jioni ya Kisumu haina ratiba, stima ikienda unarudi mahali ulipokuwa, na pia unapata zamu ya nyuma ya kulinganisha: fungua hifadhi ya zamu iliyopita, soma F2, kisha fungua ya sasa na usome tena. Mstari uliobadilika ndio wenye tatizo.